Fundi wa Kwenye Keria

Siku niliyowakabidhi kisanduku cha spana mliniambia nikae chini niandike kazi ilivyokuwa. Ninyi vijana mmehamia kwenye pikipiki, na naona hamwamini kwamba mtu mzima aliweza kukaa zaidi ya miaka thelathini pale Mogitu, kando ya barabara, akishughulika na baiskeli tu. Basi nimekaa. Magoti yamekataa kuchuchumaa lakini mkono bado unaandika. Habari za vyeo sina, maana fundi baiskeli akianza ni fundi na akimaliza ni fundi. Nitawaeleza nilivyofundishwa, vifaa tulivyotumia, na zaidi chama chetu cha baiskeli, maana nikikumbuka chama kile nacheka peke yangu mpaka majirani wanakuja kunijulia hali.

Aliyenifundisha ni Mzee Tluway, mtu mfupi wa koti moja la kijani, kiangazi na masika. Siku ya kwanza sikupewa spana. Aligeuza baiskeli miguu juu, akazungusha gurudumu, akaniambia nifumbe macho.

"Unasikia nini?"

"Nasikia gurudumu, mzee."

"Kesho utasikia tena."

Kesho yake nikasikia gurudumu. Siku ya tatu ndipo nikasikia kitu kidogo sana, tik, mara moja kila gurudumu lilipomaliza mzunguko. Nikasema nadhani kuna spoki imelegea. Mzee akanipa spana ya spoki, akaenda kunywa chai. Mpaka leo sijapata sifa kubwa kuliko chai ile aliyokwenda kunywa.

Vifaa vyetu vilikuwa hivi: spana nne, nyundo, beseni la maji ya kutafutia pancha, kipande cha msasa, kopo la gundi, na vijiko viwili vya chai vilivyopindwa, ambavyo ndivyo vilitoa tairi kwenye ringi. Ninyi mna vyuma vya kisasa vya kutolea tairi. Sawa, lakini chuma chenu hakiwezi kukoroga chai. Baada ya kuziba pancha tulipitisha kitambaa cha pamba ndani ya tairi, kiizunguke yote, maana mwiba ukibaki humo kitambaa kinanasa. Kijana asiyepitisha kitambaa huyo ni mziba matundu, hajawa fundi.

Sasa nifike kwenye aibu yangu. Mzee Tluway alikuwa na sheria moja isiyo na msamaha: mwanafunzi hapandi baiskeli ya mteja. "Baiskeli ya mtu si punda wa baba yako," alisema. Aliwahi kumfukuza mmoja kwa kuzunguka nayo kibanda mara moja tu. Kwa hiyo baiskeli zote tulizijaribu zikiwa miguu juu, na nyumbani kwetu baiskeli haikuwepo. Miaka ikaenda, Mzee akarudi kwao Mbulu kupumzika, akaniachia kibanda, nami nikawa fundi anayetafutwa na watu wa kutoka Katesh, nisiyejua kuendesha baiskeli hata hatua tatu. Mganga hajigangi. Na nani angeniuliza? Hakuna anayemuuliza fundi baiskeli kama anajua baiskeli, kama ambavyo hakuna anayemuuliza mchungaji kama anajua kusali.

Kisha ikaja ruksa, serikali ikafungulia biashara. Zamani spoki moja ilitafutwa kama dawa, na tairi mpaka jina lako lifike kwenye orodha ya ushirika, na orodha ilikuwa na tabia ya kusahau majina. Ghafla maduka yakajaa. Baiskeli za Kichina, baiskeli za Kihindi, kengele zinazong'aa, vioo vya pembeni ambavyo watu walijitazamia meno. Mwalimu akapata yake, bwana shamba akapata yake, zahanati ikaletewa moja ya kazi. Watu waliokuwa wakitembea maisha yao yote wakajikuta wana magurudumu na hawana pa kwenda. Ndipo Mwalimu Safari, mwalimu wa hesabu na mwenyekiti wa kila kitu Mogitu, akaanzisha chama cha watu wa kutembea na baiskeli kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Tulikuwa kumi na wawili.

Mwalimu aliweka sheria mbili. Ya kwanza, hakuna kumwacha mtu nyuma. Ya pili, hakuna kumsalimia mkubwa ukiwa juu ya baiskeli. Hii ya pili hakuitunga yeye, mnajua wenyewe kwetu ilivyo. Kumpa mzee shikamoo ukiwa umekaa juu yake kama kunguru ni matusi. Unashuka, unavua kofia, unasalimia, unaulizwa habari za nyumbani, za mvua, za mifugo, unajibu zote, ndipo unapanda. Na kila mmoja anasalimia kwa zamu yake. Sasa pigeni hesabu ya Mwalimu: watu kumi na wawili, wazee tisa kati ya Mogitu na Gitting, kijiji cha juu mlimani. Safari moja tulianza asubuhi na kufika saa tisa alasiri, na sehemu kubwa ya muda huo tulikuwa tumesimama. Habari zikaenea. Wazee waliokuwa wakikaa nyuma ya nyumba wakahamishia vigoda vyao barabarani kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi.

Mimi niliingizwa chamani kwa nguvu. "Chama bila fundi ni watu watakaorudi kwa miguu," alisema Mwalimu. Nikaishiwa visingizio mpaka nikatoa kimoja ambacho mpaka leo sijui kilitoka wapi. Nikasema fundi wa msafara hakai mbele ya baiskeli, anakaa nyuma kwenye keria, ili asikilize cheni. Mwalimu alifikiri, akaona ina mantiki. Kwa hiyo nikawa nabebwa. Miaka mingi nilikwenda Hanang nzima na kurudi nikiwa kwenye keria ya Mwalimu Safari, kisanduku mapajani, nimeinamisha kichwa kama daktari. Mara moja moja nilisema, "Simama, nasikia kitu," nikashuka nikakaza nati iliyokuwa imekazwa tayari. Watu waliniheshimu sana.

Kila majira yalikuwa na kazi yake. Masika tope la mfinyanzi lilijaa ndani ya madigadi mpaka gurudumu likakataa kabisa kuzunguka, na badala ya baiskeli kutubeba tukaibeba sisi. Dawa yake ni kuvua madigadi kabla ya kutoka na kukubali kurudi na mstari wa tope mgongoni. Mwezi wa sita na wa saba, ukungu wa mlima ulipoteremka, tulipanda Gitting kula viazi vya kuchemsha na maziwa. Huko juu baridi inagandisha gundi, kwa hiyo kopo la gundi nilikaa nalo kwapani toka asubuhi. Msicheke, kwapa ni kifaa.

Kiangazi tuliteremka tambarare za kuelekea ziwa la chumvi, kwenye upepo na miiba. Siku moja huko tulipata pancha kumi na saba, viraka vikaisha, na tairi tatu za mwisho nikazijaza majani makavu, nikashindilia kwa mpini wa nyundo. Zilifika nyumbani zikinguruma. Siku hiyo hiyo tulikutana na mzee mmoja wa Kibarabaig na ng'ombe wake. Tulishuka wote kumi na wawili, tukasalimia kwa zamu. Alipomaliza kutuitikia akatuangalia kwa huruma.

"Mnakwenda kuzika?"

"Hapana, mzee," akajibu Mwalimu.

"Mmeibiwa ng'ombe?"

"Hapana, mzee."

"Sasa mnakwenda wapi?"

"Tunatembea tu. Tutafika ziwani, halafu tutarudi."

Mzee akamtuma binti yake alete maziwa. Alitusimamia mpaka tukamaliza, kama mtu anayehakikisha wagonjwa wamekunywa dawa.

Kila mwisho wa mwaka, mtu wa Mogitu akiwa amelazwa hospitali ya Haydom, tulikwenda kumwona, siku mbili kwenda na siku mbili kurudi. Ilikuwa safari inayovunja mwili, nami nilikaa juu ya vyuma vya keria siku zote nne. Ilikuwa baada ya safari mojawapo ya hizo ndipo mgongo wa Mwalimu ulimkatalia kubeba. Akauliza nani atambeba fundi. Wanaume wote wakakumbuka kutazama valvu zao.

"Mimi nitambeba," akasema Paskalina.

Paskalina alikuwa nesi wa zahanati yetu, mzaliwa wa Gitting, mwanamke pekee chamani. Baiskeli ya kazi aliijua kuliko sisi sote, maana kila wiki alipanda nayo vijijini na sanduku la chanjo nyuma. Akanipima kwa macho toka juu mpaka chini. "Barafu ya chanjo ni nzito kuliko yeye," akasema. Watu wakacheka, nami nikapanda.

Vijana, mtu akikaa nyuma ya mwanamke mwezi baada ya mwezi, masika mpaka kiangazi, akiongea na mgongo wake tu, anaweza kusema mambo ambayo uso wa mwanamke huyo ungemfanya ayameze. Tuliongea kila kitu. "Fundi, cheni inasemaje?" aliniuliza kila tukianza kilima. Nami nikajibu cheni inasema asante. Nilikuwa nimepita thelathini, mama yangu alikuwa ameanza kuniombea kanisani kwa kunitaja jina, na mimi nilikuwa nahesabu siku za kufika Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Nilimpenda. Siwezi kuliweka kwa namna nyingine.

Siku za mwizi ni arobaini. Tukiwa chini ya mteremko wa Gitting alisimamisha baiskeli, akashuka, akanikabidhi usukani.

"Leo nimechoka. Niendeshe wewe, mimi nisikilize cheni."

Nikashika usukani ule kama mtu aliyepewa mtoto mchanga wa mwenzake. Wenzetu walikuwa wameshatangulia. Nikamwambia ukweli wote, toka Mzee Tluway na punda wa baba yangu. Paskalina alikaa chini kwenye majani. Alicheka mpaka akalala chali, akanyamaza, akaniangalia, akaanza upya. Kisha akafuta machozi akasema hatamwambia mtu, na Jumapili baada ya ibada nifike uwanja wa shule.

Alinifundisha kwa kushika keria na kukimbia nyuma yangu. Alinifundisha kukaa sawa, kukanyaga, kukata kona. Kupanda alinipandisha yeye na kunisukuma. Baiskeli ile ya zahanati ilikuwa ya kiume, ndefu, na mimi, kama mnavyonijua, sikujaliwa miguu mirefu. Kushuka lilikuwa somo la mwisho, kwa sababu linataka urushe mguu wakati baiskeli bado inakwenda. Kabla hatujalifikia, wiki za chanjo zikaanza, naye akawa vijijini kila siku. Kwa hiyo kusimama nilikujua kwa njia moja tu, nayo ni kuanguka.

Wakati huo huo tulikuwa tumekubaliana kuoana, na hapo ndipo mambo yalipokwama. Baba yake, Mzee Gwandu wa Gitting, alikuwa ameketi kwenye kigoda chake barabarani kama wazee wengine, na kwa macho yake aliona binti yake akipandisha mwanaume mzima mlimani kwenye keria. Sio mara moja. Mwalimu alipokwenda kupeleka posa, alirudishwa na jibu hili: "Mshenga nitamsikiliza, lakini siozi binti yangu kwa mzigo. Kama ni fundi baiskeli, aje juu ya baiskeli, nimwone. Asiletwe. Akiletwa, neno hili tusilirudie tena."

Paskalina alinithibitishia hivyo bila kucheka. Baba yake hakuwa mtu wa kusema mara mbili, na yeye hakuwa binti wa kuolewa bila neno la baba yake. Nilikonda wiki ile.

Ilikuwa mwaka tulipokatwa kutoka Arusha tukawa na mkoa wetu wa Manyara, na chama kikaamua safari ya mwezi wa saba iwe ya kusherehekea. Tukafunga vitambaa vya rangi kwenye usukani. Mimi nilivaa shati jeupe, na nyuma yangu, mahali ambapo miaka yote nilikaa mimi, nikafunga kibuyu cha asali ya baba mkwe. Paskalina, aliyeniachia baiskeli ya zahanati na kuazima nyingine, akanisukuma kuanza.

"Leo nani atasikiliza cheni?" akauliza Mwalimu.

"Leo inajisikiliza," nikamjibu, nikiwa nimeshampita.

Kilima cha kwanza Paskalina alinishikia keria nikateremka. Namshukuru Mungu aliyeweka mlima pale, maana njia karibu yote hupandwa kwa kukokota, na anayekokota tayari ameshuka. Niliwasalimia wazee wote tisa kwa adabu kamili, miguu chini. Juu kabisa, ambapo njia inateremka kidogo kuingia kijijini, Paskalina alinipandisha. Tulikuwa na mpango. Kwenye uzio wa baba yake kulikuwa na lundo la majani ya ngano, refu kama mtu. Ningeingia uani nikiendesha, Mzee anione, nijitupe kwenye majani, niinuke nimpe asali. Akanisukuma.

Baiskeli ilishika kasi. Nilikuwa naendesha. Upepo ulijaa kwenye shati, vitambaa vinapiga makofi, na nikaanza kucheka kwa sauti kama mwendawazimu. Nikakata kona ya uwanja wa mpira, na katikati ya uwanja nikamwona Mzee Gwandu. Hakutaka kungojea nyumbani. Alikuwa amekuja kutulaki, peke yake, na koti la kanisani na fimbo.

Lundo lilikuwa mbali na mzee alikuwa karibu. Kushuka sikujua. Kujiangusha kungevunja kibuyu mbele ya macho yake. Kumpita kimya hakuwezekani kabisa. Nikavua kofia kwa mkono mmoja, baiskeli ikayumba, nikampita nikisema, "Shikamoo, baba."

Nikamsikia nyuma yangu, polepole, "Marahaba."

Sasa salamu imeitikiwa, na mzee akiitikia anauliza. Siwezi kwenda zangu wakati naulizwa. Nikakata kona golini, nikarudi.

"Umetoka wapi?" akauliza nilipokaribia.

"Mogitu, baba," nikajibu nikipita.

Nikazunguka. Alikuwa amejigeuza ananitazama.

"Mogitu hawajambo?"

"Hawajambo, baba."

Nikazunguka tena. Wenzangu walikuwa wamefika ukingoni mwa uwanja. Wameshuka wote, kofia mkononi, wamejipanga kungoja zamu, maana salamu ya mtu haikatizwi. Hakuna aliyethubutu kucheka. Mwalimu alikuwa ameuma kofia yake.

"Mama yako?"

"Mzima, baba. Anasalimia."

"Mahindi?"

"Yamekauka vizuri."

"Ng'ombe?"

"Wawili wanakohoa, baba."

Hilo la ng'ombe lilimgusa, akauliza wanakohoa vipi, ikanichukua mizunguko miwili kueleza. Mzee alikuwa ananigeukia kila mzunguko, akiegemea fimbo, mpaka nikamwona anapepesuka kidogo.

"Wewe," akasema. "Nikiendelea kukugeukia nitaanguka mimi. Kwa nini hushuki?"

Nilikuwa na nusu mzunguko wa kufikiri uongo. Nilikuwa nimeishi kwa uongo wa keria miaka mingi na ungekuja kirahisi tu. Lakini nilichoka, na nilikuwa nampenda binti yake.

"Sijui kushuka, baba," nikasema nikipita, kwa sauti iliyofika kwa chama chote. "Na kupanda sijui. Binti yako ndiye anayenifundisha. Hatujafika hapo."

Nikakata kona ya golini nikijua kwamba nimepoteza kazi na mke kwa sentensi moja. Nilipogeuka, Mzee Gwandu alikuwa ameitupa fimbo yake chini na kusimama katikati ya njia yangu, miguu ameitanua, mikono mbele, kama wanavyosimama wanaume wa kwetu kumkamata ndama. Nikabana breki. Akaudaka usukani kwa mkono mmoja na tandiko kwa mkono mwingine, na baiskeli ikasimama wima, nami juu yake, miguu inaning'inia hewani, kibuyu kizima. Sasa uso wake ulikuwa shubiri moja kutoka kwangu.

"Mara ngapi umeanguka ukijifunza?"

"Sikuhesabu, baba. Kila mara."

"Na leo?"

"Leo niliogopa kuangusha asali."

Akaangalia kibuyu. Akaniangalia mimi. Uzito wangu ulikuwa unamlemea, nikaomba niteremke nianguke tu yaishe, akasema nitulie.

"Nilisema usiletwe," akasema.

"Nimesukumwa mwanzo tu, baba."

Kitu kikapita mdomoni mwake, nikadhani ni hasira. Akageuza kichwa kuelekea ukingoni.

"Paskalina," akaita. "Njoo umshike mtu wako. Mimi nimechoka."